Miti Iliyostaafu

Januari, lango la hifadhi ya jimbo hufunguliwa saa mbili,
na watu wa mji huja na miti yao ya Krismasi
imefungwa kamba juu ya magari,
ikipukutika njia nzima.
Kazi yangu ni kuuliza: mmetoa mapambo yote?
Kisha kuilaza chini ya tuta,
pale kimbunga kilipong'ata.
Atlantiki ina meno. Tunaitupia mfupa.

Mchanga hauna akili, ila una tabia:
ukikuta kizuizi, hupumzika.
Aprili, matawi yamezama hadi kiunoni.
Mei, nyasi tulizopanda zimesimama ovyo
kama nywele za mtoto aliyetoka kulala,
na vindege vya rangi ya mchanga wenyewe
vinataga mayai manne mahali peupe kabisa,
kana kwamba dunia haina miguu.

Bwana Tuthill alikuja Februari, tarehe kumi na tisa,
mti wake mkavu kama ufagio.
"Nimechelewa," alisema. "Arlene ndiye aliyekuwa akiushusha."
Sikuuliza. Nilivaa glavu.
Tukaubeba, yeye shinani, mimi kileleni,
na kitu kikalia ndani ya matawi:
kengele ya bati, ndogo kama kifundo cha kidole.

Sheria ni sheria: bati halizikwi hapa.
Nilimtazama. Yeye alitazama maji.
Nikakohoa
mpaka tulipoutua.

Kiangazi kizima alikuja na kiti cha kukunja,
akaketi upande wa huku wa kamba,
maana kukanyaga tuta ni faini.
Hakuogelea. Hakusoma.
Watoto walidhani anauza kitu.

Oktoba, dhoruba ya usiku mmoja.
Asubuhi tuta limekatwa wima kama mkate,
mashina meusi yametokeza kwenye ukuta wake,
na penye njia ya saba, hakuna kitu.
Nilichimba kwa mikono hadi kucha zikauma.
Kisha nikampigia simu, nikitafuta maneno
kama mtu anayetafuta funguo gizani.

Kimya. Halafu akacheka, kicheko cha kukwaruza:
"Arlene? Mwanamke yule hakumaliza mwaka
bila kuhamisha makochi."

Januari hii amefika wa kwanza, saa mbili haijagonga,
pikapu yake tupu, kioo kimeganda barafu.
Hana mti.
Ana glavu.