Safu Isiyo na Kichwa

Mimi ni katibu, si shabiki. Kazi yangu ni daftari,
kaunta buku ya kwaya mbili, jalada limeliwa na ukungu wa Katumba.
Nina safu ya mabao. Nina safu ya kadi.
Nina safu ya nauli, na ya ndizi tulizokula Kyimo kwa mkopo.
Ambilike hana kitu humo.
Msimu mzima: bao sifuri, pasi ya bao sifuri,
kadi za njano sita,
na jozi moja ya viatu, deni.

Lakini nendeni mkamuulize yule beki wa Lwangwa
aliyepokea mpira dakika ya tatu, peke yake,
nyasi tupu kila upande,
akaubutua nje kama anayetupa kaa la moto
kwa sababu tu alisikia matope yakilia mgongoni:
chwa, chwa, chwa.
Hakuguswa.
Niandike wapi hilo?

Kocha Mwangoka husema, "Yule ni nusu ya timu."
Nikamuuliza, nusu ipi?
Akacheka, akaagiza chai, hakujibu.
Basi nikahesabu mwenyewe, usiku, kwa koroboi.
Tukiwa naye, mechi kumi na moja: tumeshinda saba.
Kisha Machi, goti likavimba kama papai.
Tukafungwa Masoko. Tukafungwa Ilima, nne.
Tukafungwa nyumbani mara mbili, mvua ikitazama.
Mabeki wao walisimama na mpira, wanauangalia Mlima Rungwe
kama watu waliokuja kupima viwanja.
Na Asajile wetu, mwenye mabao kumi na manne,
ghafla akawa mtu wa kawaida;
kumbe mabao yale alikuwa akiyaokota
pale pale Ambilike alipowatia watu kiwewe.

Ningeishia hapo, ningekuwa nimeshinda ubishi.
Ila kuna mechi ya tano.
Kyimo, Jumapili, moja bila, na yeye hayumo.
Dakika ya themanini namwona Asajile, mvivu wetu,
yule anayetembea uwanjani kama anakwenda harusini,
anamfuata kipa! Anakimbia kama aliyeazimwa miguu
na mwenye nayo anaidai jioni hiyo hiyo.
Kipa akababaika, akateleza, mpira ukabaki.
Na kando ya chaki, goti limefungwa kitenge cha mama yake,
Ambilike sauti imemkauka:
"Usimpe nafasi ya kuona! Usimpe nafasi ya kuona!"

Kwa hiyo bado sijui.
Nusu, au robo, au hamira kidogo tu,
ambayo ikishaingia kwenye unga huwezi kuichambua tena.
Nimechora safu mpya kwa rula. Haina kichwa.
Mstari wa kwanza, mechi ya Lwangwa, nimeandika:
chwa, chwa, chwa.
Mweka hazina kaisoma mara mbili,
kaniuliza hiyo ni shilingi ngapi.
Nikamwambia aanze na deni la viatu.