Mbao Zinywe Kwanza

Miaka thelathini na minne niliziba meno
ya watoto wa Kotka. Naijua sauti ya kilichooza:
ukigonga kizima, kinakujibu;
ukigonga kibovu, kinameza.

Kwa hiyo nilipoinunua Aallotar
kwa bei ya baiskeli iliyokwisha kutumika,
sikumwita fundi. Nilikuja na kijichuma changu
chenye ncha iliyopinda,
nikapiga magoti thelujini, kando ya mkuku,
nikaanzia nyuma, kushoto, kuja mbele,
kama nilivyozoea kuanza kinywani.

Ubao wa tatu: mzima.
Wa nne: mzima, ila umetishika.
Wa tano, ncha ikazama mpaka kidole kikagusa.
Hapo ndipo barafu ilipoisukuma kwenye gati
usiku kucha, na mwenyewe
yuko hospitali, hana habari.

Kuna mtu alipaka saruji.
Saruji, jamani! Juu ya uozo,
kisha rangi ya buluu, kisha buluu tena.
Waliotuusia tuzibe ufa
hawakutuambia kwamba ufa una tumbo:
ukifunga mlango tu,
mgeni amebaki ndani, anakula.

Ensio, mlinzi wa yadi, husema neno moja kwa siku.
Novemba alisema, "Kuni."
Desemba, nimekwisha ng'oa mbao tisa na mataruma manne,
upepo unapita mbavuni mwa chombo ukipiga mluzi,
akasema, "Bado."
Januari hakusema. Aliacha chini ya turubai
kopo la misumari ya shaba, ya marehemu baba yake,
yote imekwisha kutumika,
yote imenyooshwa kwa nyundo, mmoja mmoja.

Mwanangu Joakim hupiga simu Jumapili.
"Mama, unarudi lini nyumbani?"
Hiyo nyumba niliiuza. Anajua, alitia sahihi.
Anauliza kama ulimi unavyolirudia pengo,
kila saa, kuhakikisha.
Namsimulia jiko: la chuma, dogo,
lingeenea kwenye begi lake la shule.
Simsimulii kwamba nalala na kofia,
kwamba pumzi yangu huganda darini
na asubuhi hunidondokea usoni,
wala kwamba siku moja nililia, nikakaa chini nikalia,
kwa sababu ya skrubu.

Machi, kalafati.
Uzi wa pamba, patasi butu, nyundo ya mti.
Unashindilia huku umetega sikio,
mpaka mlio utoke kifuani upande puani.
Hapo acha. Pigo moja zaidi
na umeupasua ubao uliokuja kuuponya.
Hili nalo nililijua tangu zamani,
kwa mikono mingine, chini ya taa nyingine.

Mei wakaishusha majini. Ikavuja.
Si mahali pamoja: kila mshono.
Mikanda ya winchi bado iko tumboni mwake,
na maji yananipanda vifundoni.
Miezi saba. Nikamtazama Ensio kwa macho
ambayo wagonjwa wangu walikuwa wakinitazamia.
Akatumia maneno ya wiki nzima:
"Zina kiu. Mbao zinywe kwanza."

Usiku ule nilikaa ngamani na bomba la mkono.
Ndoo mia kabla ya saa sita.
Hadi saa nane, arobaini.
Kisha nne. Kisha nikawa nangoja ndoo ijae.
Gizani mbao zilikuwa zinavimba, zinasogeleana
kama watu wa baridi kwenye benchi moja,
kila mmoja akiuziba ubavu wa mwenzake
na mimi sina ninalofanya.

Saa kumi alfajiri, jua la huku halina subira,
likaingia kwa kidirisha
na sikusikia tena maji,

isipokuwa tone moja, karibu na usukani,
ambalo mpaka leo sijui linaingilia wapi.
Nimeliwekea kikombe changu cha zamani,
kile cha kusukutulia.
Asubuhi nakimwaga
baharini, nakirudisha palepale.