Ukope wa Chini

Umande haujakauka, hawatoki.
Walie, waukwangue mlango wa zizi kwa kwato,
Kashindye apite na kundi lake akinicheka:
"Mbuzi wa Mama Mihambo wanaamka saa za ofisi!"
Acheke. Wake wanakula majani na kilicho juu yake:
minyoo hupanda na umande hadi nchani mwa jani,
hukaa hapo, hungoja mdomo.

Aliyenifundisha hakuja kufundisha.
Bwana mifugo, pikipiki ilimwishia mafuta mlangoni kwangu,
na mtoto aliyetumwa Sikonge na kidumu akachelewa.
Kwa kukosa la kufanya akamdaka mbuzi,
akambonyeza jicho kwa dole gumba, taratibu,
ukope wa chini ukajifunua.
"Soma hapa, mama."
Shule niliiacha darasa la nne, mwaka wa njaa.
Hapo nilisoma.

Ukiwa mwekundu kama kichuguu kilichonyeshewa, mwache aende.
Ukianza kupauka, mfunge kitambaa kwenye pembe, mtazame tena Jumatatu.
Ukiwa mweupe kama ugali wa muhogo,
usingoje kesho.

Kabla ya hapo nilimngojea Mkopo.
Ndilo jina lake, maana nilimnunua kwa fedha ya kikundi.
Maji yakamjaa chini ya taya, pakaning'inia kama kibuyu,
nami namkanda kwa majivu ya moto
nikidhani ni jino.
Alikufa amesimama, ameegemea ukuta,
na marejesho yalikuwa yamebaki ya miezi saba.

Sasa nina daftari.
Mbele ni hesabu za tumbaku za mwanangu, zote zina deni;
nimeligeuza, nimeanzia nyuma:
mistari arobaini na mmoja, kila mbuzi na wake.
Mabaka, mwekundu. Bikizee, mwekundu, kang'oka jino.
Yule wa mnada wa Ipole bado kifungoni, siku ya tisa,
hajui kwa nini ametengwa na wenzake.
Na dawa simpi kila mmoja. Anayehitaji tu.
Minyoo ikionja dawa kila mwezi huizoea,
kama Kashindye na gongo.

Februari, jua limetoka baada ya mvua ya siku tatu,
mkamwana wangu Nyamizi alikuwa ananishikia miguu ya beberu.
Mimba ya miezi sita. Akaachia.
Akakaa chini, palepale kwenye samadi, akasema jua kali.
Jua halikuwa kali.
Nikakumbuka ukuta wa jiko,
pale anapobandua udongo akidhani simwoni,
anaulamba kama mbuzi waliokosa chumvi.

Dole gumba langu lilikuwa bado linanuka beberu.
Sikulifuta.

Muhogo.

Mihambo akasema tungoje, tumbaku iko banini,
wiki tatu tu itapata bei.
Sikubishana. Nilimfungua Mabaka,
nikamkabidhi Kashindye kwa bei aliyoitaka yeye,
nikampigia kijana wa bodaboda,
nikapanda nyuma ya Nyamizi kumzuia asianguke,
matope njia nzima hadi hospitali,
mgongo wake kifuani kwangu, moyo wake ukikimbia
kuliko pikipiki.

Sasa kila Jumatatu, mbuzi wakisubiri umande ukauke,
namwita na yeye.
Ana vidonge vyekundu kwenye kopo la maziwa,
anavilalamikia, anavimeza.
Mstari wa Mabaka ulikuwa wazi; nimeandika jina lake hapo.
Leo ameliona. "Mama, na mimi nimekuwa mbuzi?"
Nikamwambia anyamaze, ageukie mwanga.