Bitana ya Kaki

Nyumba njema si mlango, walisema wahenga.
Hii yetu ya Kota za Reli mlango ni mzuri:
mninga mzito, bawaba za enzi ya Mjerumani,
na chini yake upenyo wa vidole vitatu
ambamo Juni huingia bila hodi.

Madirisha sita. Nimeyapima yote kwa futi,
hakuna mawili yanayolingana.
La jikoni limeinama upande
kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.
La chumbani kwa Mama halifungi
tangu masika yale fremu ilipovimba
ikakataa ushauri wa nyundo.

Kipupwe cha Tabora si baridi
ya kuizungumzia mbele ya mtu wa Njombe.
Lakini saa kumi za usiku
upepo ukishapita reli na vumbi lake,
Mama hukohoa, kisha huhesabu.
"Leo umeingia mara saba," ataniambia asubuhi,
kana kwamba ni mkwe asiye na adabu.

Nikaenda kwa Nasibu, Kanyenye,
nikakata mita ishirini na mbili
za maua ya zambarau, maua
ambayo sijayaona yakiota popote.
"Na bitana?" akauliza.
Nikazihesabu noti ndani ya kiganja.
"Bitana ninayo."

Sikuwa nayo.
Nilikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda cha Mama,
na ndani yake makoti manne ya marehemu,
kaki ya shirika, vifungo vya shaba,
ya mtu aliyetembea juu ya mataruma kuelekea Igalula
akigonga nati moja moja, akisikiliza
ipi imelegea.

Mama hakusema hapana.
Alilivuta sanduku, akalikalia,
siku ya kwanza, na ya pili,
akichambua maharage.
Siku ya tatu akaomba wembe,
akafumua makoti mawili kwa mkono wake,
mshono kwa mshono, uzi akiuviringa kidoleni.
Mfuko mmoja hakuugusa.
Sikuuliza.

Maua huteleza, kaki ni kaidi.
Iliivunja sindano ya cherehani mara mbili.
Basi nikapiga bandi kwanza,
mishono mirefu ya uchumba,
uzi nimeupitisha kwenye nta ya Sikonge
hadi ukanukia asali,
na bitana nimeipunguza chini vidole viwili
isichungulie wageni.
Pindo likataka uzito.
Mama akaleta kopo la maziwa ya unga:
washa za reli, kutu tupu,
alizokuwa akirudi nazo jioni
"zisipotee," alivyokuwa akisema,
na sisi tukimcheka.
Nimeshona kumi na mbili ndani ya pindo.

Jirani yetu Nyamizi alipita, akalisifu.
Alisifu maua.
Upande wa pili hakuuona,
nao ndio ulioinunua kazi:
kaki imelikabili dirisha,
mfuko wake wazi kwa nje.

Usiku ule sikulala, nilitega sikio.
Saa kumi ikafika, na upepo nao.
Pazia likavuta pumzi, likafura kidogo.
Ule mfuko nadhani ulipekuliwa,
haukukutwa na kitu.
Kisha washa zikaanza kugonga ukuta,
ko, kimya, ko, ko,
polepole, kama mtu mwenye njia ndefu mbele yake.

Mama akageukia ukutani.
"Anakagua," akasema.
Hakukohoa tena mpaka kulipokucha.

Yamebaki madirisha matano.
Makoti ni mawili.