Ripoti Itakayokubalika

Nilisaini Mbeya, ghorofa ya pili, mvua ikipiga bati la jirani.
Siku ishirini na moja. Awamu tatu za malipo.
Ya tatu, kinasema kifungu cha saba,
"baada ya kupokelewa ripoti itakayokubalika."
Sikuuliza ikubalike na nani.
Nilikuwa na ada ya Lusajo mfukoni,
yaani sikuwa nayo.

Swali lilikuwa jepesi kulisoma:
je, halmashauri inunue vitanda vya joto kumi na viwili
kwa ajili ya watoto njiti, kwa bei iliyoambatishwa?
Kiambatisho B kilikuwa na picha:
mtoto mnene, wa nchi isiyo na matope,
amelala kwenye mwanga wa chungwa
kama andazi kwenye kabati la kioo.

Nikapanda Makete na koti la kuazima.
Juu ya Matamba, alfajiri, nyasi ni nyeupe
na majani ya viazi yameungua.
Kwetu huku baridi ndiyo inayounguza.
Umeme wa kituo huja bila hodi,
huondoka bila kwaheri.

Nesi Edina Chaula hakunipa kiti. Alinipa daftari.
"Wewe ndiye wa kupima mashine? Ya kwetu ile pale."
Kitanda cha joto, cha msaada.
Ndani yake chupa ya chai, mwavuli,
na paka aliyezaa.
"Fyuzi ilikata mwezi wa sita.
Fyuzi ya elfu tatu. Barua nimeandika nne."

Nikahesabu. Ndiyo kazi yangu, kuhesabu.
Njiti arobaini na mmoja, miezi kumi na minane.
Safu ya uzito. Safu ya joto la mwili. Safu ya mwisho: Hali.
Mzima. Mzima. Karuhusiwa. Mzima.
Mstari wa kumi na tisa, hakuna kitu,
karatasi imekwaruzwa kidogo
kama kalamu ilifika ikarudi.

"Huyu?"

Akafunga dirisha lililokwisha kufungwa.
"Huyo alikuwa ndani ya mashine usiku ule wa fyuzi.
Waliofuata nimewafunga vifuani mwa mama zao,
kanga mbili, kofia ya sufu, blanketi.
Sikuwa na kingine."

Wataalamu watasema: sampuli ndogo.
Kweli ni ndogo.
Gramu elfu moja mia sita arobaini,
ndogo kiasi hicho.

Chuoni walitufundisha
tathmini na thamani ni ndugu wa tumbo moja.
Hawakusema ushahidi nao una mama:
shahidi, amevaa mabuti ya mvua,
kalala saa tatu, anauliza kama nimekula.

Nikaandika: vinunuliwe viwili, vyenye betri.
Fyuzi za akiba ishirini.
Viti vya kuegemea kumi na viwili, vya akina mama.
Nesi wa pili wa usiku.

Ndugu Kyando wa mikataba alipiga simu, sauti ya siagi:
"Dada Tumpe, hatukukupa kazi ya kutathmini viti.
Tena mzigo, tuseme, umeshatoka bandarini.
Ongeza aya moja tu. Ya kukubalika."

Sitajifanya jasiri. Niliiandika.
Ilikuwa aya nzuri, ilipendekezwa, ilionekana, ilizingatiwa,
hakuna mtu hata mmoja ndani yake.
Ilikaa siku mbili mezani, ikanitazama nikila.
Siku ya tatu nikaifuta,
na mahali pake nikaweka mstari wa kumi na tisa
kama ulivyo, pamoja na utupu wake.

Awamu ya tatu haijaja.
Mhasibu wa shule sasa ananijua kwa jina.
Nimetuma fyuzi sita kwa basi la Makete,
ndani ya soksi, zisigongane.
Edina hakuandika ahsante.
Alituma picha:
paka na wanawe, wamehamishiwa
kwenye boksi la glovu.