Mungu Anawapanda

Jumapili hii Mzee Verlin hanitaki.
Yaani hataki ukalimani wangu. Ameandika hotuba
kwa penseli, mistari kumi na sita, Kiswahili kitupu,
akaikunja mara nne kama cheti cha dawa.
Kwa hiyo mimi, mdomo wake wa miezi saba,
nimeketi safu ya tatu, sina kazi,
nahesabu viti: thelathini na vinne. Watu: kumi na tisa.

Chumba ni cha ghorofani, Mikindani, juu ya kinu cha unga.
Gunia la mahindi likimiminwa huko chini
sakafu inatetema, na maji ya ushirika
yanachezacheza ndani ya vikombe vyake vidogo.
Bi Ardith yuko kwenye kinanda. Miguu imemvimba
kwa joto la Machi; viatu kavivua, kavificha chini ya stuli.
Begani ana leso aliyojichagulia barabara ya Biashara
kwa sababu ya rangi. Jina lake halijui.
Sisi sote tumelisoma: NILIPO NIPO, MTACHOKA NINYI.
Hakuna aliyemwambia. Mama Mghoi alijaribu wiki jana,
akaishia kuusifu upindo.

Mlangoni walisimama wote wawili, kama kawaida yao,
wakimpa kila mtu mkono. Mzee akamwinamia Mbeyu,
mtoto wa miaka minne, akasema, "Shikamoo."
Mbeyu akamtazama toka nywele hadi viatu.
"Marahaba," akajibu, akapita,
kama mtu aliyeingoja heshima hiyo muda mrefu.

Sasa anasimama. Karatasi inatetemeka,
na si kinu; kinu kimenyamaza.
"Ndugu zangu," anasoma. Vizuri. "Nimefurahi kuwa hapa."
Vizuri sana. Midomo yangu inamfuata bila sauti,
kama mama aliyempeleka mwanawe darasa la kwanza
akabaki kuchungulia dirishani.
Kisha anainua macho, anaiacha karatasi,
hili anataka kulisema kwa moyo:

"Mungu anawapanda."

Stima ikapotea hapo hapo. Feni ikamalizia
mizunguko yake ya mwisho.
Vijana wa nyuma wakashika pua zao.
Bwana Kitawi akakohoa kikohozi kisicho na kifua.
Nikainuka nusu. Herufi moja tu;
kazi yangu yote duniani ni herufi kama hiyo.
Lakini Mama Dzame, aliyezika mume mwezi wa kwanza,
ambaye tangu siku ile hajafungua kinywa ibadani,
akasema taratibu, kama anayeitikia hodi:
"Basi na atumwagilie maji."

Nikaketi.

Bi Ardith akageuka kupiga wimbo; kinanda kimekufa.
Vidole vyake vikaendelea tu juu ya vibonye bubu,
tak, tak, ukucha kwa plastiki,
nasi tukaimba kwa kuufuata ukucha.

Baadaye, tukipanga viti, nilimweleza.
Kupenda. Kupanda. Masikio yakamwiva.
Halafu akaniambia kwa lugha yake
kwamba amelima viazi miaka arobaini na mmoja,
kwamba mbegu ya kiazi hukatwa vipande kwa kisu
na kila kipande lazima kibaki na jicho.
"Pasipo jicho," akasema, "unazika tu."
Mama Dzame alikuwa pale dirishani,
anamngoja mjukuu wake Mbeyu avae kiatu,
akanitazama, kama anayeuliza mzee amesema nini.
Ukalimani umenirudia, na ulimi sina.

Ngazini akaja binti wa Bi Mwanahamisi, muuza viazi karai,
na sahani iliyofunikwa gazeti, ukwaju pembeni.
"Mama anasema leo Jumapili, anajua hununui.
Hivi havina bei."
Mzee akachukua kimoja, akakigeuzageuza kwenye mwanga,
cha manjano, cha moto, mafuta yakimtiririka kiganjani,
akakipapasa kwa kidole gumba, anatafuta kitu,
kabla hajakitia kinywani.