Swali la Siku Nne

Chumba cha kufulia kiko chini ya ghorofa zote,
mashine sita, moja imekufa tangu Agosti,
na juu ya sinki, ubao wa pini.
Jirani humuuliza jirani.
Bi Kowalchuk wa mlango wa 103
ameandika sheria kwa kalamu nyekundu:
SWALI NI SIKU NNE. LISILOJIBIWA LINATOKA.
Hana ubaya. Ubao ni mdogo, jengo lina milango tisini.

Mara nyingi majibu huja kabla pini haijapoa.
Nani ana nyaya za kuamshia gari?
Mimi, 412, gonga kwa nguvu.
Basi la kumi na nane hupita Jumapili?
Hupita likijisikia.
Mbona radieta yangu inalia kama mbuzi?
Ina pumzi ndani. Legeza skrubu ya kando, iache ihemee.

Jumatatu nilitoka zamu ya usiku, kope zimeganda,
Winnipeg nzima iko thelathini chini ya sifuri,
nikaandika langu nyuma ya risiti ya viazi:
Nawezaje kulifua sweta, nitoe uchafu, nibakize harufu?
Sikuandika harufu ya nani.
Sikuandika mafuta ya breki,
karafuu aliyotafuna kwa ajili ya jino,
wala sabuni ya hospitali iliyokuja mwishoni ikakalia vyote.
Mshindo angecheka: dada, hilo si swali,
hicho ni kitendawili.

Jumanne watu walilisoma, najua,
risiti ilikuwa na alama ya kidole chenye unga wa sabuni.
Jumatano mtu aliokota soksi ya mtoto
akaitundika kwenye pini yangu.

Kwetu, anayeshindwa kitendawili hulipa.
Hasemi muda umekwisha. Husema nimeshindwa,
na aliyetega hunyoosha mkono: nipe mji.
Unampa Ujiji, anaukataa. Unampa Tabora,
anaingia, anakula, anakunywa,
anakusimanga kidogo, ndipo anafumbua.
Alhamisi nilisimama mbele ya ubao, kikapu kiunoni,
nikingoja japo mmoja aseme: dada, sijui,
chukua Selkirk.
Chukua Brandon na ngano yake yote.
Kama ni haba, chukua Gimli na ziwa lililoganda.
Jibu lisiwepo, sawa. Lakini hata mji?

Usiku ule nilikichukua kimya, nikakiita jibu.
Mashine ya tatu, maji ya uvuguvugu,
dakika thelathini na mbili, dola mbili na robo.
Mkono mmoja wa sweta ulifika kwenye kioo,
ukapunga, ukazunguka, ukaenda.
Lilitoka likinuka limau.

Ijumaa asubuhi Bi Kowalchuk alishuka na koleo lake dogo,
akang'oa waliochelewa, mmoja mmoja.
Langu aliligeuza, akaona bei, akashtuka:
hivi viazi ulivipata wapi kwa bei hii?
Nikamwelekeza.
Swali lake liliishi sekunde tano.

Jumamosi, pembeni ya tundu la pini,
mtu alikuwa ameandika kwa penseli
juu ya ubao wenyewe,
mwandiko wa mkono unaotetemeka:

Usilifue.
Litie kwenye mfuko wa plastiki, ulifunge.
Fungua siku ya haja tu, usivute hewa yote.
Langu lina miaka kumi na moja.

Hakuna jina. Hakuna namba ya mlango.
Huenda mtu huyu hushuka Jumamosi tu,
kwa lifti, na magoti yake,
na hesabu ya siku nne haijawahi kumngoja.
Penseli aliiacha kwenye ukingo wa sinki.
Niliandika: nipe mji.
Nikafuta kwa kidole, maana yeye hakushindwa.

Nikaandika chini yake, herufi ndogo:
Nimeshindwa mimi. Chukua Kigoma,
mji mzima, na reli yake.